Ndoo Sita za Nyumba Zilizofungwa

Nilihamisha ndoo. Hilo ndilo kosa lenyewe, na nikilieleza kwa ufupi hivyo watu hunitazama wakingoja sehemu mbaya ije. Hakuna sehemu nyingine. Mdogo wangu aliweka ndoo nyeusi za plastiki kwenye baraza za nyumba za watu, na mimi, asubuhi moja ya Jumamosi, nilizikusanya sita kwa toroli nikazipanga nyuma ya nyumba yangu, kwenye kivuli, zikakaa hapo karibu miezi mitatu. Nilidhani nazitunza. Kumbe nilikuwa namrudisha mdogo wangu nyuma mwaka mzima chuoni. Adui yake asingeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kama nilivyoifanya mimi, kwa sababu adui asingekabidhiwa ndoo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaume wenzangu wa mtaa wa Viwanja Sitini wana vijiwe, wana pikipiki, wana mambo ya kufuatilia Mlimba na Mahenge. Mimi nina baraza, redio, na kiti cha kamba ambacho kimekwisha kuchukua umbo langu. Msimu wa mpunga ukianza, watu wengi wa hapa Ifakara hufunga nyumba zao za mjini wakahamia shamba, huko bondeni, wakaishi kwenye vibanda mpaka wavune. Mke wangu huhamia. Mimi hubaki kulinda nyumba. Nina mguu niliouvunja nikiwa kidato cha tatu, na sina budi kuushukuru, maana kila mwaka mvua za kupandia zikianza huuma wenyewe bila kuombwa.

Jirani yangu wa upande wa kulia ni mama wa Kipogoro anayeuza samaki wa mtoni. Huzungusha beseni nyumba kwa nyumba tangu asubuhi, na hakuna uchochoro wa mji huu asioujua. Yeye huniita mwali, yaani msichana aliyefungiwa ndani na kungwi asionwe na watu.

"Mwali, umeamkaje humo ndani?" husema akipita. "Jua la leo limekuona?"

Nina miaka arobaini na sita, na kidevu kina mvi. Lakini kwa kuwa nabaki, majirani wanaohama huniachia funguo, na ndiyo maana mdogo wangu alipotafuta mtu wa kumwachia kazi yake, hakutafuta mbali.

Huyu mdogo wangu ni binti wa mwisho wa mama yetu. Tumepishana miaka kumi na tisa, kwa hiyo nimemlea kidogo, nimemwonea kidogo, na alfabeti amefundishwa na mimi kwa mkaa sakafuni. Zaidi ya hapo sikuwa na cha kumpa. Kidato cha nne nilikimaliza kwa matokeo ambayo nyumbani hawakuyabandika ukutani. Kwenye mtihani mmoja wa Baiolojia nilichora mbu nikampa miguu minane, na mwalimu akaniandikia kwa wino mwekundu kwamba huyo ni buibui aliyeota mabawa. Mdogo wangu alikuja kuuona mtihani ule kwenye sanduku akiwa darasa la tano. Akachukua penseli, akafuta miguu miwili, akarudisha karatasi mahali pake.

Anachosoma chuoni ni virusi, na magonjwa yanayobebwa na wadudu. Watu husema ameona mbali, kuna ajira. Ukweli ni kwamba alianza kusoma jambo hilo jikoni kwetu. Alipokuwa darasa la sita mama alishikwa na homa kali na maumivu ya viungo. Tukampeleka kupimwa. Wakatafuta malaria, hawakuiona, wakasema basi itakuwa taifodi, akapewa vidonge akavimaliza. Homa iliondoka baada ya wiki, vidole havikupona. Vilivimba, vikajikunja, vikabaki hivyo karibu miaka miwili. Mama hakuweza kushika mundu, na kila asubuhi mdogo wangu ndiye aliyemfunga kanga kabla ya kwenda shule. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia jina la kitu kile. Mama alikuja kufariki baadaye kabisa, kwa presha, lakini mtoto alikuwa ameshika swali lake na hakuliachia.

Siku moja alinipigia simu kutoka chuoni, mwaka wake wa pili.

"Kaka, shikamoo. Nadhani nimelijua jina la ugonjwa wa mama. Chikungunya. Ni virusi, mbu ndiye anayeleta. Na jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kujikunja."

"Marahaba. Basi tungewauliza Wamakonde tangu mwanzo, tusingesomesha mtu."

Alicheka sana. Wakati ule alikuwa akicheka nikisema kitu.

Alipofika shahada ya pili akapata ufadhili wa kufanya utafiti, akachagua kuufanya nyumbani. Mji huu umezoea utafiti. Watoto wetu wametobolewa vidole kutolewa damu tangu hawajaota meno, na mtu akiumwa na mbu hapa anaweza kukuuliza kama huyo ni wa kwetu au ametoroka kwa wataalamu. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipopita na ndoo zake nyeusi akiomba ruhusa ya kuweka moja barazani. Nyumba kumi na mbili zilikubali. Namba moja hadi sita zilikuwa nyumba ambazo watu wanabaki mjini, na yangu ilikuwa namba tatu. Namba saba hadi kumi na mbili zilikuwa nyumba ambazo wenyewe wanafunga na kuhamia shamba. Nyingine zilikuwa jirani tu, nyingine mbali, mbili ng'ambo ya mto, kule Lumemo. Namba iliandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa ndoo.

Alinieleza sababu. Sikatai kwamba alinieleza. Lakini alinieleza maharage yangu yakiwa jikoni yanaanza kushika chini, na sikio langu moja lilikuwa huko.

"Huyu si yule mbu wa malaria," alisema, amechuchumaa kwenye ndoo yangu. "Huyu anauma mchana, ana madoa meupe miguuni. Anapenda maji ya kwenye madumu, matairi, vifuu. Jike hatagi majini, anataga pembeni, juu kidogo ya maji. Ndiyo maana nimezungushia kitambaa humu ndani. Mayai yananata kwenye kitambaa. Wewe kila Ijumaa unatoa kitambaa, unaweka kipya, unakianika kivulini, unakitia kwenye bahasha yenye namba ya ndoo, unanitumia kwa basi."

"Mayai hayatakufa njiani?"

"Hayafi. Yakikauka yanakaa hata miezi, yanangoja maji."

"Yanakaa tu, hayafanyi chochote?"

"Kama wewe, kaka."

Huko maabara, akanieleza, angeyatia maji, yaanguliwe, akuze mbu, awahesabu aina zao, kisha awasage awapime kama wamerithi virusi vyovyote kwa mama yao. Nilimwonea huruma kidogo mbu anayetagwa Ifakara akazaliwa chuoni ili asagwe. Kisha nikaenda kuokoa maharage.

Wiki ya kwanza nilizunguka. Nasema hivi kwa sababu hakuna mwingine atakayenisemea. Nilitembea nyumba zote kumi na mbili kwenye tope la mwezi wa pili, na mguu wangu ulisema yote uliyokuwa nayo. Wiki ya pili nilikuta ndoo namba nane na namba kumi na moja zimeibiwa. Sikushangaa sana. Ndoo nzuri, ina mshikio wa waya, iko barazani kwa nyumba isiyo na mtu. Hata mimi ningeshawishika. Namba kumi ilikuwepo, ila mbuzi alikuwa amekunywa maji yote akala na kitambaa.

Nikampigia simu. Alikuwa anakaribia kuingia kwenye mtihani, nilisikia viatu vya watu wakikimbia.

"Kaka, tafuta nyingine mbili, paka rangi nyeusi, andika namba zile zile. Na nakuomba uzitunze, zisiibiwe tena. Msimu huu siwezi kuja, nakutegemea wewe tu."

Nilikaa kwenye kiti changu nikalifikiria jambo lile usiku na asubuhi. Baraza zisizo na watu haziwezi kulinda ndoo. Baraza yenye mtu ni ya nani? Ya mtu asiyetoka kamwe. Kwa mara ya kwanza maishani niliona tabia yangu ina faida kwa taifa. Nikaazima toroli. Nikaziacha zile za nyumba zenye watu, hizo ziko salama, nikazibeba zile za nyumba zilizofungwa, zote sita, mpaka nyuma ya nyumba yangu, nikazipanga kwa namba kando ya tanki la maji, nikaziezekea na bati chakavu. Nilifurahi nazo. Zilipendeza kama wanafunzi kwenye mstari.

Beseni la samaki likapita.

"Mwali, umefungua duka?"

"Huu ni utafiti, mama."

"Utafiti wa ndoo?"

"Wa mbu. Hii hapa ni nyumba ya fundi cherehani, hii ni ya katekista, ile ya mwisho ni ya Lumemo."

Alizitazama, mkono mmoja umeshika beseni kichwani.

"Nyumba ya katekista imekuwa ndoo?"

"Namba ndiyo nyumba. Namba haijabadilika."

"Kwa hiyo katekista akirudi kutoka shamba atalala humo?"

Nikacheka kwa ule upole wa mtu aliyesoma. Mama huyu aliishia darasa la nne, nami nilimsamehe papo hapo kwa kutokuelewa mambo ya kitaalamu. Jambo hilo nalikumbuka sasa kuliko yote. Alikuwa ameliona kosa kabla rangi haijakauka kwenye zile ndoo mpya, akaliweka mbele yangu kwa lugha nyepesi kabisa, na mimi nikampa tabasamu.

Kuanzia hapo kazi ya Ijumaa ikawa ya nusu saa, na nusu yake nimekaa. Nilitoa vitambaa, nikaanika, nikaandika bahasha kwa mwandiko mzuri. Hata siku ambazo si Ijumaa nilizipitia. Maji yakipungua niliongeza ya mvua, jani likidondoka niliokota. Ndoo za kule kwa watu nilizikimbilia haraka haraka nikarudi kwenye hizi zangu. Na mayai yalikuja. Mwanzoni kitambaa kilikuwa na vidoa vichache, kisha kikawa kama kimenyunyiziwa vumbi la majani ya chai. Nilijiona nina mkono wa baraka.

Sikujiuliza wazazi wa mayai hayo wanakula wapi. Walikuwa wanakula kwangu. Nilikaa barazani mchana kutwa nikijipiga makofi vifundoni, na jirani akawa ananung'unika kwamba mbu wangu wanavuka senyenge bila hodi. Nilimwambia avumilie, ni elimu.

Mwezi wa tano mdogo wangu alinipigia simu, na sauti yake sikuwa nimeisikia hivyo tangu alipofaulu kidato cha sita.

"Kaka, huwezi kuamini. Nyumba zilizofungwa zina mayai mengi kuliko zenye watu. Zote sita. Msimamizi wangu ameangalia mara mbili, anasema jambo hili ni jipya, ameniambia nijiandae kuliwasilisha mbele ya wahadhiri wote."

"Nilikuambia nina mkono," nikasema.

"Nitakutaja kwenye ukurasa wa shukrani. Wewe wa kwanza, kabla ya msimamizi."

Nilizunguka na simu ile mfukoni siku nzima, ingawa mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Watu wakaanza kurudi kutoka shamba na magunia yao, na mdogo wangu akasema anakuja kwa siku tatu. Hapo nilifanya kitu ambacho bado najihukumu nacho. Siku mbili kabla hajafika, alfajiri, nilichukua toroli nikazirudisha ndoo zote sita kwenye baraza zao. Nilijiambia wenyewe wamerudi, hakuna mwizi tena, ni sawa zikae mahali pake. Lakini kama sikujua moyoni kwamba kuna tatizo, kwa nini nilikwenda alfajiri, kabla beseni la samaki halijapita?

Alifika amekonda, amefurahi. Alinisalimia kwa magoti nusu, kama zamani, akacheka kiti changu. Jioni akafungua kompyuta yake mezani akanionyesha ramani ya mji wetu. Nyumba kumi na mbili zilikuwa maduara kumi na mbili, sita ya bluu, sita mekundu, na yale mekundu yalikuwa makubwa.

"Unaona? Hizi nyekundu ni zilizofungwa. Swali langu lilikuwa hili: watu wakihamia shamba, huyu mbu anayewategemea watu anabaki kwenye nyumba tupu au anaondoka? Wengi walidhani anapungua. Sasa tumeona anabaki, tena anazidi. Nikishawasilisha, nataka matokeo yafike halmashauri. Badala ya kupulizia dawa kila mahali na kuimaliza, wapulizie nyumba zilizofungwa."

Alinieleza polepole, na safari hii hapakuwa na maharage jikoni. Nilielewa kila neno. Niliangalia lile duara jekundu kubwa la nyumba ya katekista na nikajua kwamba maji yake yote, na mayai yake yote, yalikuwa hatua nne kutoka mlango wangu wa nyuma, pembeni ya mtu anayeumwa na mbu tangu asubuhi hadi jioni.

"Umeelewa, kaka?"

"Nimeelewa. Nikuongezee chai?"

Siku ya kwanza nilinyamaza hivyo. Siku ya pili nilinyamaza kwa bidii zaidi, nikamkaangia perege, nikamsifu. Usidhani nilikuwa napima mambo makubwa. Nilikuwa naogopa kupoteza ukurasa wa shukrani.

Asubuhi ya tatu alikuwa anapiga pasi ya mkaa gauni la kuwasilishia, huku ananisomea kwa kichwa yale aliyoandika. "Kwa kaka yangu, ambaye alizunguka nyumba zote kumi na mbili kila wiki, kwa mvua na tope..."

"Sikuzunguka," nikasema.

Aliinua pasi.

"Zile za nyumba zilizofungwa nilizileta hapa. Baada ya wizi ule. Ulisema nizitunze."

"Ulizileta wapi?"

"Nyuma. Pale kwenye tanki."

"Zote?"

"Sita."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

Aliiweka pasi chini kwa uangalifu, kwenye kigae chake, kana kwamba gauni lilikuwa bado na umuhimu. Akatoka nje, akaenda mpaka kwenye tanki, akapasimamia. Bati langu chakavu lilikuwa bado pale, na chini yake miviringo sita kwenye udongo. Aliitazama mmoja mmoja. Niliona midomo yake ikihesabu wiki.

Nilimfuata. Na hapo, baada ya kufanya kosa la ujinga, nikafanya kosa la akili.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "nani atajua? Mimi sisemi. Huyu jirani hajui hata kazi yako ni ya nini. Wasilisha tu, umalize, upate karatasi yako."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Watapulizia dawa kwenye nyumba tupu, kaka. Na wewe utaendelea kuumwa hapa, na huyo jirani, na watoto wake, na watasema tatizo limeshughulikiwa." Akarudisha macho kwenye ile miviringo. "Mama alipewa dawa ya taifodi."

 

Akampigia simu msimamizi wake pale pale, amenipa mgongo. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, mwalimu. Zote sita. Hapana, siwezi kuziacha humo, si kweli. Kaka yangu. Hapana, hakutumwa na mtu, ndivyo alivyo." Akalisogeza bati kwa mguu. "Najua. Siwezi kurudia mwezi ujao, watu wako majumbani. Mpaka wahame tena."

Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa toroli langu. Nyumba za Ifakara hazifungwi kwa kuombwa. Zinafungwa mara moja kwa mwaka, mpunga ukitaka, na mtu aliyekosa msimu huo atangoja mwingine hata awe profesa. Ufadhili wake ulikuwa wa muda uliopangwa, nao haukujua kitu kuhusu mpunga. Aliondoka siku hiyo hiyo mchana. Gauni alilikunja likiwa limenyooshwa upande mmoja.

Ufadhili ukaisha. Akapata nafasi ya muda kufundisha Baiolojia shule ya sekondari Mang'ula, akapanga chumba huko, na msimu wa mpunga ulipoanza tena akaanza kazi yake upya kwa nguvu zake. Kila Jumamosi mchana anashuka na gari kuja Ifakara, kila Jumapili baada ya misa anazunguka mwenyewe nyumba zote kumi na mbili, jioni anarudi kufundisha watoto miguu ya mbu ni mingapi. Ndoo mpya amezifunga kwa mnyororo kwenye nguzo za baraza. Wa kuzitazama siku za katikati amemchagua, naye si mimi. Ni yule mama wa beseni, ambaye anapita nyumba hizo zote hata bila kuombwa. Yeye hagusi kitu. Akipita anatazama kama ndoo ipo, akikuta haipo anapiga simu. Kazi nzima ni hiyo.

Jumamosi analala kwa mama huyo. Sababu aliyonipa ni ya heshima: mke wangu yuko shamba, hataki kunisumbua na mapishi. Lakini watu wa mtaa wetu wana macho. Dada wa mtu amekuja kutoka Mang'ula, amelala upande wa pili wa senyenge ya kaka yake. Nasikia wakicheka wakila. Mdogo wangu anamweleza mambo ya virusi, na yule mama anamwuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuuliza. Jumamosi moja nilimsikia anauliza kama mbu aliyerithi ugonjwa kwa mama yake naye anaumwa homa. Nilitega sikio nisikie jibu, lakini walikuwa wamehamia kwenye habari za samaki.

Nyumba yangu bado ni namba tatu, kwa kuwa ni nyumba yenye mtu, na hakuna nyumba ya mji huu yenye mtu kuliko yangu. Kwa hiyo kila Jumapili lazima aje. Jumapili iliyopita alikuja saa nne, viatu vimejaa tope la Lumemo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu kiti, nimechemsha chai."

"Nimekunywa, asante." Alikuwa ameshachuchumaa kwenye ndoo, anatoa kitambaa kwa kibanio. "Umeongeza maji humu?"

"Hapana."

"Usiongeze."

"Mdogo wangu, kuhusu lile jambo, nilitaka tena kukuomba..."

"Yameisha, kaka."

"Kila nikikaa nalifikiria."

"Yameisha." Akaandika kwenye daftari, akaweka kitambaa kipya, akalibana kufuli la mnyororo, akalivuta kuhakikisha. Alisimama akijishika kiuno kama mama alivyokuwa akisimama. Nilimwuliza ameona nini mpaka sasa, nyumba zilizofungwa zina mayai au hazina. Akaniambia ni mapema kusema. Mwaka jana angenieleza kwa saa nzima, na mimi ningekuwa nasikiliza kwa sikio moja. Nikamwambia basi nimsindikize hata mpaka nyumba ya nne. Akautazama mguu wangu, akasema nipumzike.

Nilibaki nimesimama barazani na kikombe cha chai cha mtu mwingine mkononi. Upande wa pili wa senyenge jirani yangu alikuwa anaparua samaki, na bila shaka alikuwa amesikia yote, maana hakuna ukuta. Nikamwuliza kama mdogo wangu huwa anasema lolote juu yangu anapolala kule kwake. Akasema hasemi. Nikamwuliza, kwa maoni yake, nifanye nini ili anisamehe kweli. Akamgeuza samaki upande wa pili, akaendelea kuparua magamba, kisha akaniambia:

"Acha kumwomba msamaha kila Jumapili. Unamchelewesha, na bado ana nyumba tisa za kuzunguka kabla gari halijaondoka."